Chupa Ambayo Mama Odila Hakuifungua

"Mwanangu wa kalamu, wewe ulikuwepo. Nilikubali lini?"

Ujumbe wenyewe wa Mama Odila ulikuwa wa sauti, wa sekunde chache tu. Nyuma ya maneno hayo mbuzi alilia, kisha ukakatika. Niliusikiliza nikiwa nimesimama kituo cha basi Remera, nikausikiliza tena ndani ya basi, na kwa wiki mbili zilizofuata sikupata usingizi wa maana. Nilijiuliza: labda alikubali nikiwa nimeinama ninaandika? Labda alitikisa kichwa? Je, mtu akinyamaza mbele ya wakubwa, kimya chake ni mali ya nani? Mimi ndivyo nilivyo. Mtu akinijibu "sawa" bila neno la pili, naamini amenichukia, na nausoma ujumbe wake mara saba nikitafuta kosa langu. Lakini safari hii kosa lilikuwepo, na lilikuwa na mwandiko wangu.

Nawaandikia ninyi mtakaoanza Jumatatu, mtakaokalia kiti changu karibu na dirisha lisilofunga vizuri. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa. Mama yangu amelikataa neno hilo. "Unastaafu na meno yote kinywani, Konso? Sema umeacha kazi, Mungu anakusikia." Sawa, nimeacha kazi. Lakini miaka sita ya kazi ile imenizeesha, na kuna mambo ambayo hakuna chuo kitakachowafundisha. Niliyafundishwa na mtu mmoja, nami nikayasaliti. Kwa hiyo sikilizeni.

Kazi yetu ni kuandika kumbukumbu za mikutano ya upatanishi. Ofisi iko Kacyiru, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia. Nchi fulani ya jirani inapochanika, watu wa pande mbili huletwa Kigali, kwa sababu hapa ni shwari na hoteli za Kiyovu zina bustani. Wanakaa siku tatu, wanazungumza, wanapiga picha, wanarudi kwao. Sisi tunaandika nani alisema nini. Gharama analipa mwingine.

Zamani huyo mwingine alikuwa Mzungu. Alikuja na karatasi za rangi za kubandika ukutani. Nilimwona kwa macho yangu mama aliyezika watoto watatu akipewa kalamu ya bluu na kuambiwa achore mto wa maisha yake. Aliishika ile kalamu kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Mwezeshaji wa mkutano akampigia makofi kabla hajachora chochote. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Lakini angalieni hasira yangu ilinipeleka wapi.

Nilikuwa nimetoka chuoni na tasnifu ya kurasa mia, yote ya kuzisifu nchi kubwa mpya: za Mashariki, za Ghuba, na zile ambazo juzi tu nazo zilikuwa zinasaidiwa kama sisi. Niliandika kwamba hizi haziji na masharti. Haziulizi kura zilihesabiwaje. Haziwachoreshi watu mito. Zinajenga barabara, zinachimba kisima, zinawaweka wakubwa mezani, zinawaacha watu na heshima yao. Kila nilipoandika "haziingilii mambo ya ndani" nilijisikia kama nimempiga mtu kofi kwa niaba ya bara zima.

Kwa hiyo wateja wetu walipoanza kubadilika, nikafurahi kama niliyeshinda kesi.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Kalikisti. Alikuwa ameandika kumbukumbu tangu enzi za mashine ya chapa. Alikulia Burundi kama wakimbizi wengi wa rika lake, akizungumza Kiswahili chenye Kirundi na Kifaransa ndani kama mawe kwenye mchele. Suti yake ilikuwa moja, ya kijivu, na kalamu zake zilikuwa mbili: moja ya kuandika, moja ya kuazima watu, kwa sababu, alisema, kalamu ukimwazima mheshimiwa umempa.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Utakaa wapi?"

Nikaonyesha kiti karibu na meza kuu, ili nisikie.

"Mbaya. Pale utasikia wakubwa, na wakubwa sauti yao iko kubwa, hata ukiwa nje utawasikia. Kaa huku, mlango wa jikoni. Hapa utaona mikono."

"Mikono ya nani, Mzee?"

"Ya wote, sha. Mdomo unaweza kufundishwa nyumbani kabla ya safari. Mkono haujafundishwa."

Sikuelewa. Mwezi huohuo nikafanya kosa ambalo nadhani ni mwandishi wa kumbukumbu wa Kigali tu anayeweza kulifanya. Mkutano ulikwisha, watu wakatoka bustanini kupiga picha. Mimi, niliyelelewa na mama asiyependa vyombo vichafu, nikamsaidia mhudumu kuondoa chupa za soda mezani. Nilizipanga vizuri kwenye kreti, nikafuta meza, nikajiona mtu mwema. Mzee Kalikisti akarudi na daftari lake, akaiona meza inang'aa, akaketi kama aliyepewa habari ya msiba.

"Umefuta ukurasa," akasema.

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni, ingawa nami nimezaliwa katika desturi hiyohiyo. Kwetu, soda haifunguliwi jikoni. Mhudumu anakuletea chupa imefungwa, anaifungua mbele ya macho yako, ili ujue hakuna mkono mbaya uliopita. Na anayefunguliwa akanywa, mbele ya mtu aliyewahi kumtendea ubaya, amesema neno. Anayeiacha imefungwa amesema lingine. Kwa hiyo mkutano ukiisha, watu wakiwa bado wanapeana mikono kwa ajili ya kamera, mwandishi anabaki ndani. Anazunguka meza. Anahesabu chupa zilizofungwa, anatazama zilikuwa mbele ya nani.

"Hotuba utaiandika kwanza," alisema, "kisha chupa. Zikipishana, amini chupa."

Na akaongeza sheria yake ya pili, ambayo nawaomba muiandike kwenye jalada la daftari: usiandike neno "wote" mpaka umehesabu kwa kidole.

Sasa nije kwa Mama Odila.

Kuna bonde katika nchi ya jirani, sitaitaja. Vita vilipopita, nusu ya watu walikimbia na nusu walibaki. Baada ya miaka waliokimbia wakarudi, wakakuta mashamba yao yanalimwa na waliobaki. Wakapigana, watu wakafa. Mwishowe waliorudi wakaachiwa kipande kando ya kijito, wakapanda maharage, wakatulia bila kuridhika. Ndipo ilipokuja nchi rafiki, kubwa, ya mbali, ikasema itajenga soko katikati ya bonde, ili pande mbili zifanye biashara na zisahau kuuana. Pahali palipopendekezwa na mkuu wa wilaya, ambaye ni wa waliobaki, palikuwa palepale kando ya kijito.

Wajumbe kumi na wawili wakaletwa Kiyovu. Wa waliorudi walikuwa wanne. Mkubwa wao ni Mama Odila, mama mfupi, mnene kiasi, aliyevaa viatu vya kiume na kuniita "mwanangu wa kalamu" kwa sababu jina langu lilimshinda.

Na balozi wa nchi rafiki, niseme ukweli, nilimpenda. Hakuleta karatasi za rangi. Alisimama, akasema kupitia kwa mkalimani: "Nyumba ya baba yangu ilikuwa ya udongo. Barabara ilikuja kwanza. Amani ilikuja nyuma yake, ikitembea kwa miguu." Ukumbi mzima ulipiga makofi, nami nikapiga kwa mkono mmoja huku mwingine unaandika. Alikuwa anatuheshimu. Hakumuuliza mtu yeyote kuhusu maiti zake.

Hakumuuliza mtu yeyote kuhusu chochote. Hilo nimeliona baadaye. Kwa siku tatu alizungumza na mkuu wa wilaya, kwa sababu mkuu wa wilaya ndiye serikali, na wao hawaingilii mambo ya ndani. Kumbe mlango wa ndani ukishikwa na mtu mmoja, asiyetaka kuingilia ataishia kugonga kwa huyohuyo kila siku na kumwita yeye nyumba nzima. Sentensi hii haimo katika tasnifu yangu. Nilipewa alama za juu bila hiyo.

Tena walikuwa wameondoa soda. Walituwekea maji ya chupa ndogo zenye bendera yao, mbele ya kila kiti, tangu asubuhi. Watu wakayatia mikobani kuwapelekea watoto. Mzee Kalikisti, aliyekuwa amebakiza wiki chache kustaafu, alizunguka meza akarudi na uso wa mganga aliyenyang'anywa kipimo.

"Hapa hakuna kitu cha kusoma," akaninong'oneza. Akaenda jikoni mwenyewe akaomba soda ziletwe mapumziko ya mwisho.

Mhudumu akapita na kifungulio chake. Tak, tak, tak. Alipofika kwa Mama Odila, mama yule akaweka kiganja juu ya chupa.

"Nifungue, mama?"

"Iache."

"Ni baridi hiyo, mama, itapata moto."

"Ipate."

Mkuu wa wilaya, aliyekaa mkabala naye, akacheka. "Odila, kunywa bwana, sumu iko wapi? Soda ni ya wageni."

"Nimeona ni ya wageni," akasema Mama Odila. "Shamba ni la nani?"

Waliokaa karibu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kutafuta pa kukimbilia. Mkalimani, kijana mwenye akili, akamtafsiria balozi kwamba mama anatania. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi kuhusu mahali pa soko. Kimya. Chupa ya Mama Odila ilisimama pale imefungwa, inatoa jasho kwenye kitambaa cheupe, kwa saa nzima. Wenzake watatu nao hawakugusa zao.

Niliandika yote. Nataka mjue hivyo. Niliandika: Mama Odila, mjumbe wa waliorudi, aliweka kiganja juu ya chupa na akauliza shamba ni la nani. Chupa nne za waliorudi hazikufunguliwa.

Jumatatu nikaitwa na bosi wetu, Madamu Doreen. Alikulia Uganda; ni mtu wa haraka, mcheshi, anayelipa ada za wapwa wake sita, nami sitamchora kama shetani. Alikuwa ameshika kurasa zangu kwa vidole viwili.

"Konso, hii ni kumbukumbu ya mkutano au menyu ya baa?"

"Madamu, ni jambo lililotokea."

"Na inzi pia alitua kwenye keki, mbona hukumwandika? Sikia. Watu hawa hawaleti fomu, hawaleti mafunzo ya siku tano, wanaleta soko. Lenye paa! Unataka waondoke kwa sababu ya kizibo?"

Nikafikiri. Kufikiri ndiyo dhambi yangu kubwa: naweza kufikiri mpaka jambo baya likapata sababu saba za kuwa zuri. Nikasema moyoni, pengine soko litawasaidia hao hao. Nikasema, mimi ni nani, mtoto wa juzi, niitilie nchi nzima shaka kwa ajili ya soda. Nikasema, Wazungu walituletea maswali na hatukupata paa. Nikafuta mistari miwili. Nikaandika mmoja: wajumbe wote waliafiki mahali palipopendekezwa. Sikuhesabu kwa kidole.

Mzee Kalikisti aliisoma, akanirudishia. Kisha akaniazima ile kalamu yake ya pili. Nilidhani ni wema. Nimeelewa baadaye kwamba ile ni kalamu aliyokuwa akiwapa waheshimiwa.

Soko likajengwa, na kwa haraka, msije mkasema nawaonea. Mabati ya bluu, sakafu ya saruji, vyoo vinavyofanya kazi. Nilitumwa kupiga picha za kitabu cha mradi. Funguo za vibanda ziligawiwa na mkuu wa wilaya. Mnajua zilikwenda wapi. Mama Odila nilimkuta nje, kando ya barabara mpya, ametandika gunia na juu yake mafungu ya nyanya. Nilitamani anitukane. Akaniuliza, "Umekula, mwanangu?" Nikapiga picha ya paa, nikarudi Kigali.

Halafu ukaja ule ujumbe wa sauti. Soko lilikuwa limesifiwa sana, na sasa walitaka kuliongezea ghala kubwa. Ghala lingechukua kipande cha mwisho cha maharage kando ya kijito. Mama Odila alikwenda ofisi ya wilaya kulalamika, wakamwonyesha karatasi yangu: mbona ulikubali? Wajumbe wote, imeandikwa. Imeandikwa Kigali!

Nilikwenda kwa Mzee Kalikisti, Kimironko, anakofuga sungura siku hizi. Nikamweleza mashaka yangu yote, pande zote, na pande za pande. Aliendelea kukata majani.

"Mzee, kama nikisema ukweli, nchi rafiki ikikasirika ikaondoka, bonde litakosa ghala. Watu watasema mimi ndiye niliyevunja amani."

"Wewe na balozi mko ndugu," akasema.

"Kivipi?"

"Yeye haingilii. Wewe pia huingilii. Basi Odila atetewe na nani?" Akamtupia sungura jani. "Mkutano wa pili uko lini?"

"Alhamisi. Kiyovu. Wajumbe walewale."

"Na mkutano wa pili unaanzaje, none se? Miaka yote ile nimekufundisha bure?"

Mkutano wa pili, ninyi mtakaoanza Jumatatu, unaanza kwa kusomwa kumbukumbu za mkutano wa kwanza, ili wajumbe wazithibitishe. Husomwa na mwandishi. Kwa kawaida hakuna anayesikiliza. Watu hutafuta miwani, huzima simu, husema "tunathibitisha" kabla hujamaliza. Ni dakika nne ambazo hakuna aliyewahi kuziogopa.

Alhamisi asubuhi nilipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Remera nikiwa na vitu viwili kwenye mkoba: barua ya kuacha kazi na daftari langu la zamani. Kijana wa moto akaniuliza kwa nini natetemeka, kofia yangu ya kukinga kichwa inamgonga mgongoni. Nikamwambia ni baridi. Jua lilikuwa kali. Barua nikamkabidhi Madamu Doreen mlangoni mwa ukumbi, nikimwomba aisome mapumziko. Akadhani ni ruhusa ya ugonjwa. "Pole, Konso. Lakini kwanza tusomee."

Wajumbe kumi na wawili walikuwepo. Maji yenye bendera yalikuwepo. Balozi alinitabasamia, maana alinikumbuka. Mama Odila alikaa palepale, na viatu vilevile. Nikasimama. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma kanisani.

Nilisoma tarehe, mahali, waliohudhuria. Nikasoma hotuba ya balozi, na nyumba ya udongo, na barabara. Watu walikuwa wanazima simu. Kisha nikaiweka chini ile nakala safi, nikafungua daftari, nikasema kwamba sehemu inayofuata iliondolewa, kwamba aliyeiondoa ni mimi, na kwamba neno "wote" lililowekwa mahali pake ni la uongo. Nikasoma: Mama Odila, mjumbe wa waliorudi, aliweka kiganja juu ya chupa na akauliza shamba ni la nani. Chupa nne za waliorudi hazikufunguliwa.

Mkuu wa wilaya akasema, "Huu ni upuuzi gani?" Madamu Doreen alikuwa tayari ameifungua barua. Mkalimani, yuleyule, alimtazama balozi, akanitazama mimi, na safari hii akatafsiri. Ilimchukua muda, kwa sababu ilibidi aieleze na chupa.

Balozi akaipokea tafsiri taratibu. Nilimwona akiitazama chupa yake ya maji, yenye bendera ya kwao. Akamgeukia Mama Odila. Kwa miaka yangu sita hilo lilikuwa swali la kwanza nililosikia kutoka upande ule wa meza likiulizwa mtu asiye na cheo.

"Kwa nini hukuifungua, mama?"

Mama Odila hakuharakisha. Alivuta kiti chake mbele. Alinitazama kuona kama nina kalamu.

Nilikuwa nayo. Sikuwa na kazi tena, nilikuwa na kalamu ya kuazimwa na ukurasa mtupu. Nikaondoka pale mbele, nikaenda kukaa karibu na mlango wa jikoni, nikaandika jina lake, nukta mbili, kisha kila neno alilosema.